Skrini Kubwa ya Ukumbini: Jinsi ya Kuifikishia Picha ya Kidijitali Bila Kukatika

Skrini ya inchi 86 huletwa na gari, hubebwa na watu wanne, hufungwa ukutani kwa nati za chuma, kisha huzimwa na waya wenye bei ya sahani ya chipsi. Mafundi wengi wa kumbi wanalijua hilo, lakini wachache hupanga waya kwanza na skrini baadaye. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Ukumbi tunaouchukua kama mfano ni wa kawaida. Skrini iko mbele juu ya jukwaa, na meza ya mitambo iko nyuma karibu na mlango. Mezani kuna laptopu ya mtoa mada, king'amuzi cha matangazo ya moja kwa moja na kamera mbili. Waya kutoka mezani mpaka skrini hutembea mita 40 hivi. Kanisa, chumba cha mkutano na ukumbi wa harusi havitofautiani sana na huu.

Hatua ya 1: Funga muundo mmoja wa picha

Kabla ya kununua mita moja ya waya, andika kwenye karatasi muundo ambao kila kifaa kitautoa na kuupokea: wingi wa pikseli, idadi ya picha kwa sekunde na aina ya rangi. Kwa kumbi nyingi za Kenya na Tanzania tunapendekeza pikseli 1920×1080, picha 50 kwa sekunde.

Kwa nini 1080 ilhali 4K (pikseli 3840×2160) ipo madukani? Skrini ya inchi 86 ina upana wa mita 1.9, hivyo pikseli moja ya 1080 ni milimita moja hivi. Jicho zima la kawaida huacha kuitambua pikseli hiyo kuanzia mita tatu na nusu kwenda nyuma, na viti vya mbele vya ukumbi mara nyingi huanza mbali zaidi ya hapo. 4K ina maana kwenye chumba kidogo cha mkutano ambako watu husoma jedwali la Excel wakiwa mita mbili kutoka kwenye skrini, au kwa wasanifu wa ramani na majengo.

Na kwa nini 50? Umeme wetu ni wa Hz 50, taa nyingi hupepesa kwa kufuata mwendo huo, na ving'amuzi vya soko letu hutoa 50. Ukiingiza laptopu ya 60 kwenye mnyororo wa 50, prosesa ya video (kifaa kinachopanga picha upya kabla haijafika kwenye skrini) italazimika kutupa au kurudia baadhi ya picha, na maandishi yanayopita chini ya skrini yatakwenda kwa kurukaruka. Ikiwa ukumbi hauna kamera wala king'amuzi, laptopu tu, baki kwenye 60 na usijisumbue.

Uamuzi huu ndio unaotaja mzigo ambao waya utabeba. Kwenye HDMI, kwa rangi kamili za biti 8, mzigo ni huu:

- 1080 kwa 50 au 60: gigabiti 4.46 kwa sekunde
- 4K kwa 25 au 30: gigabiti 8.91
- 4K kwa 50 au 60: gigabiti 17.82

(Usishangae 50 na 60 kulingana. Muundo wa 50 una sehemu tupu kubwa zaidi pembeni mwa kila picha, hivyo mwendo wa waya unabaki uleule.) Ona kwamba kutoka mstari wa kwanza hadi wa tatu mzigo umeongezeka mara nne. Ndiyo maana waya uliofanya kazi miaka mitano bila lawama hufa siku unapobadilisha skrini, na lawama zote huenda kwa skrini mpya.

Baadhi ya vifaa vya zamani hujinadi kwamba vinatoa 4K ya 60. Vinachofanya ni kupunguza taarifa za rangi ili mzigo urudi kwenye 8.91. Kwa filamu hutagundua. Kwa maandishi mekundu juu ya bluu, kingo za herufi huonekana kama zimelowa maji. Kwa mihadhara, ni bora 1080 yenye rangi kamili kuliko 4K iliyopunguzwa.

Hatua ya 2: Pima njia, usipime chumba

Ukumbi wa mita 28 hauhitaji waya wa mita 28. Waya unapanda ukuta mita 4, unapita darini mita 28, unakata kona mita 3, unashuka mita 4. Hapo ni 39. Ongeza mita 2 za akiba kila upande na umefika 43. Pita njia hiyo kwa tepu, uhesabu kona zote, na uandike mahali waya unapokutana na nyaya za umeme. Uache angalau sentimita 20 hadi 30 kati yao. Pale panapolazimu zikutane, zivuke kwa pembe mraba na zisilale sambamba.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kupitisha picha

*HDMI ya shaba.* Hii ni ya karibu tu. Kwa 4K ya 60, usivuke mita 3 hadi 5. Kwa 1080, waya mnene wa shaba nzuri hufika mita 10, pengine 15. Dukani usimsikilize anayekuuzia "waya wa HDMI 2.1", kwa sababu nyaya hazipimwi kwa namba za toleo. Tafuta lebo ya Premium High Speed, iliyopimwa kwa gigabiti 18, au Ultra High Speed, ya gigabiti 48. Lebo halali ina alama ya kuskani kwa simu ambayo huthibitisha kwamba aina hiyo ya waya imepimwa kweli. Dhahabu kwenye kichwa haiongezi mita hata moja.

Kichwa cha HDMI hakina kufuli. Kwenye skrini iliyotundikwa, uzito wa waya wenyewe hukivuta polepole mpaka pini zilegee. Funga waya kwenye fremu ya skrini sentimita 15 kutoka kwenye tundu ili uzito ubebwe na fremu.

*DisplayPort.* Ina kufuli ya kubonyeza, na toleo la 1.2 tayari linabeba 4K ya 60 kwa rangi kamili. Ni njia nzuri kwa kompyuta iliyowekwa nyuma ya skrini, kwa waya wa mita 2 au 3. Angalia mambo mawili. Kwanza, adapta ya bei nafuu kutoka DisplayPort kwenda HDMI hupitisha picha upande mmoja tu. Ukitaka kutoka HDMI kwenda DisplayPort, unahitaji kigeuzi chenye chipu na umeme wake. Pili, zipo nyaya duni ambazo pini ya 20 imeunganishwa ncha zote mbili, jambo lisilotakiwa. Umeme wa volti 3.3 hutoka kwenye skrini na kuingia kwenye kompyuta, na kompyuta hugoma kuwaka au huwaka kwa kusuasua. Ukiona kompyuta inawaka vizuri pale tu waya wa skrini unapochomolewa, chunguza hapo kwanza.

Kuhusu laptopu mpya zenye tundu la USB-C pekee, tundu hilo halitoi picha kwa kila laptopu. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi pembeni mwake, na bado ujaribu kabla ya siku ya shughuli.

*DVI na VGA.* Kontrola nyingi za kuta za LED bado zina DVI. Picha yake ya kidijitali ni ileile ya HDMI, hivyo adapta ya kawaida inatosha, ila usitegemee sauti. DVI ya njia moja inaishia kwenye 1920×1200 kwa 60. VGA si ya kidijitali, na kuiunganisha kunahitaji kigeuzi chenye chipu. Ukiweza, iache.

*Cat6 na HDBaseT.* Hapa ndipo mita 40 zinapoanza kuwa jambo la kawaida. Kisanduku cha kutuma hukaa mezani, cha kupokea nyuma ya skrini, na kati yao unapita waya mmoja wa mtandao wa Cat6, wenye jozi nne za nyuzi. Mfumo wa HDBaseT ulitangazwa mwaka 2010. Vifaa kamili hufika mita 100 kwa 1080, na vile vya daraja la chini huishia mita 70, vikishuka hadi 35 au 40 kwa 4K. Vingi hupeleka pia umeme kwa kisanduku cha upande wa pili, sauti na amri za rimoti. Toleo la 3.0 la mwaka 2019 ndilo linalobeba 4K ya 60 kwa rangi kamili bila kuibana.

Dukani kuna visanduku vya aina tatu vinavyofanana kwa sura. Vya HDBaseT vimeandikwa hivyo. Vya pili ni vya bei nafuu, hufika mita 30 hadi 60 kwa 1080, na lazima pande zote mbili ziwe za mtengenezaji mmoja na modeli moja. Vya tatu hubana picha na kuipitisha kama data ya mtandao. Hivi vinaweza kupita kwenye swichi, lakini picha huchelewa. Kwa tangazo la hotelini haidhuru. Kwa mhubiri anayeonekana jukwaani na kwenye skrini kwa wakati mmoja, mdomo na sauti havitaambatana. Zaidi ya hayo, aina hii ikiwekwa kwenye swichi moja na kompyuta za ofisi bila mpangilio, inaweza kuulemea mtandao wote.

HDBaseT yenyewe si mtandao, ingawa inatumia kichwa cha RJ45. Usiipitishe kwenye swichi, wala usichomeke waya wake kwenye kifaa cha kupeleka umeme kwa kamera za ulinzi. Andika neno VIDEO kwenye ncha zote mbili, kwa kalamu isiyofutika.

*Waya wa faiba wenye vichwa vya HDMI.* Unaonekana kama HDMI nyembamba, lakini ndani picha husafiri kwa mwanga. Hufika mita 40, 60 hata 100 kwa 4K ya 60 bila visanduku. Una upande: ncha moja imeandikwa chanzo na nyingine skrini, na ukiugeuza hutaona kitu. Ni kosa linalogunduliwa baada ya dari kufungwa, kwa hiyo ujaribu sakafuni kwanza. Hula umeme wa volti 5 kutoka pini ya 18 ya chanzo, na baadhi ya laptopu huutoa kwa unyonge. Nunua aina yenye tundu dogo la kuongezea umeme wa USB. Ukivunjika hautengenezeki, na kichwa chake ndicho kinachovunjika kwanza, kwa sababu mafundi huvuta kwa kichwa.

*SDI.* Hii ni njia ya picha ya vifaa vya studio. Kama kamera na mikisa yako (kifaa cha kuchagua picha ya kamera ipi ionekane) ni za SDI, usihangaike na mengine. Waya wa koaksia wa omu 75 aina ya RG6, wenye vichwa vya BNC vinavyozungushwa na kujifunga, hubeba 1080 ya 50 kwa gigabiti 2.97, na ukiwa mzuri unapita mita 70 bila taabu. Hakuna mazungumzo ya EDID wala HDCP, mambo mawili tutakayoyaeleza chini na ambayo ndiyo chanzo cha giza nyingi ukumbini. Nyuma ya skrini unaweka kigeuzi cha SDI kwenda HDMI na waya wa nusu mita.

Matatizo ya SDI ni machache na yanajulikana. Vichwa vya BNC vya omu 50, vile vya redio, vinaingia lakini vinaharibu picha kwenye mwendo huu. Vichwa vya waya mwembamba wa RG59 havikai vizuri kwenye RG6. Vigeuzi vya kuingiza laptopu hukataa miundo ya ajabu kama 1366×768, hivyo laptopu lazima ilazimishwe kwenye 1080 ya 50. Na kifaa kikionyesha giza kwenye 1080 ya 50 ilhali 1080 ya 25 inapita, tafuta kwenye menyu chaguo la Level A na Level B, namna mbili za kupanga picha hiyo kwenye waya. Pande mbili hazijakubaliana.

Kwa ukumbi wetu wa mfano tungelaza koaksia mbili na Cat6A mbili kwenye njia moja. Moja ya kazi na moja ya akiba, kila aina. Gharama ya waya wa ziada ni ndogo kuliko kufungua dari mara ya pili.

Hatua ya 4: Kulaza na kuvika vichwa

Kwa Cat6 ununue waya wa shaba tupu wenye nyuzi nzima, kipimo cha 23 AWG, na ikiwezekana wenye ganda la kukinga mawimbi. Adui yako ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo imejaa sokoni na mara nyingi boksi lake halisemi. Kwarua uzi kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha maltimita. Kata mita 40, unganisha nyuzi mbili za jozi moja upande wa mbali, kisha upime omu upande wako, ukiondoa omu za nyaya za maltimita yenyewe. Shaba ya 23 AWG itasoma kama omu 5.3, ya 24 AWG kama 6.7. Ukisoma zaidi ya 8, huo si waya wa video.

Vichwa vyote vivikwe kwa mpangilio wa rangi za nyuzi uitwao T568B ncha zote mbili. Usifungue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja na kitu. Waya wenye ganda uvikwe kichwa cha chuma, na ganda liguse chuma hicho. Testa ya taa nane za kijani inakuambia tu kwamba nyuzi zimefika. Haikuambii kama zinabeba gigabiti.

Waya wa ziada usiuzungushe mduara mdogo na kuubana kwa vibanio vya plastiki. Uache ulale kwa mawimbi mapana, ufungwe kwa velkro. Faiba haipendi mkunjo mwembamba kuliko kikombe cha chai.

Hatua ya 5: EDID, salamu kati ya skrini na chanzo

Unapochomeka HDMI, chanzo hupeleka volti 5. Skrini hujibu kupitia pini ya 19 kwamba ipo, kisha chanzo husoma kijikaratasi cha kidijitali, kwa kawaida baiti 256, kinachosema skrini inakubali miundo gani. Ndiyo EDID. Mazungumzo haya hupita kwenye nyuzi mbili nyembamba za mwendo mdogo, na kwenye waya mrefu ndizo huchoka kwanza. Picha ina nguvu ya kufika, ila chanzo hakijui itume nini, kwa hiyo kinatuma 640×480 au hakitumi kabisa.

Tatizo la pili ni splita, kisanduku kinachogawa picha moja kwa skrini kadhaa. Ukiunganisha skrini ya 4K na monita ndogo ya jukwaani ya 720, splita nyingi humwambia chanzo kiwango cha chini kabisa ambacho wote wanakiweza. Skrini kubwa inashuka hadi 720 na watu wanailaumu.

Dawa ni kuweka kihifadhi cha EDID, kidude kidogo kinachokaa mezani kati ya laptopu na mstari mrefu:

1. Kichomeke moja kwa moja kwenye skrini na ukiamuru kinakili EDID yake, au uchague muundo wa 1080 ya 50 kwa vibonyezo vyake.
2. Kirudishe mezani, kwenye tundu la kuingilia la kisanduku cha kutuma au splita.
3. Chomeka laptopu, na uhakikishe kwenye mipangilio ya skrini kwamba inaona 1920×1080 na 50.
4. Chomoa na uchomeke mara tano. Kila mara ije ileile.

Visanduku bora vya HDBaseT vina kazi hii ndani yake, mara nyingi kwa vibonyezo vidogo vilivyofichwa pembeni ambavyo hakuna anayevisoma.

Hatua ya 6: HDCP

Hii ni kufuli ya wenye maudhui. King'amuzi, kisanduku cha filamu, na hata baadhi ya laptopu hukagua kila kifaa mnyororoni: splita, kisanduku, prosesa, skrini. Kimoja kikishindwa kujitambulisha, picha huwa nyeusi au huja tangazo la kosa, ilhali menyu ya king'amuzi inaweza kuendelea kuonekana. Maudhui mengi ya 4K hudai HDCP 2.2, na splita ya zamani ya 1.4 katikati inatosha kuzuia yote.

Kazi ya fundi ni kuhakikisha kila kifaa kwenye mstari wa king'amuzi kinaunga mkono toleo linalodaiwa, na kupitisha mstari huo kwenye HDMI au HDBaseT, kwa kuwa vigeuzi vya SDI huikataa picha iliyofungwa. Mwambie pia mwenye ukumbi mapema kwamba kifurushi cha nyumbani hakimpi ruhusa ya kuonyesha mechi kwa wateja. Hilo halitatuliwi kwa waya.

Hatua ya 7: Menyu ya skrini

Zima ukataji wa kingo. Kwenye skrini chaguo hilo huitwa Just Scan, 1:1 au Screen Fit, na usipolichagua utapoteza asilimia chache za picha kila upande, pamoja na saa na kitufe cha Start. Kama unatumia 4K ya 60, tundu la HDMI lenyewe hufunguliwa kwa chaguo lenye jina kama UHD Color au Deep Color, na kwenye skrini nyingi huja likiwa limezimwa. Linganisha upana wa rangi: kompyuta ikituma 0 hadi 255 na skrini ikisubiri 16 hadi 235, vivuli huzama na kuwa weusi mtupu. Kinyume chake, weusi hugeuka kijivu kama majivu. Mwisho, zima kulala kwa skrini yenyewe, na uiamuru irudi kwenye tundu lilelile umeme unaporudi.

Ukiwa na ukuta wa LED

Hapa picha haiishii kwenye HDMI. Inaingia kwenye kontrola, na kontrola inaigawa kwa nyaya za Cat6 kwenda kwenye makabati, yaani vipande vya skrini vinavyounganishwa kuwa ukuta. Hesabu ndiyo kila kitu.

Kabati la P3.91 (pikseli moja kila milimita 3.91) la sentimita 50 kwa 50 lina pikseli 128×128. Ukuta wa mita 4 kwa 2.5 ni makabati 8 kwa 5, jumla 40, sawa na pikseli 1024×640, yaani 655,360. Zidisha kwa biti 24 na kwa picha 60: megabiti 943 kwa sekunde, karibu na ukomo wa tundu moja la gigabiti. Ndiyo sababu kontrola nyingi husema tundu moja hubeba pikseli 650,000 hivi. Ukuta wa mita 6 kwa 3 ni makabati 72, pikseli 1536×768, yaani 1,179,648, na hapo ni matundu mawili. Ukilazimisha moja, sehemu ya ukuta hubaki nyeusi au hupepesa, na fundi asiyejua hubadilisha makabati mazima usiku kucha.

Kontrola ya kawaida isiyo na prosesa haipunguzi picha. Ukiipa 1080, itaonyesha kona ya juu kushoto ya ukubwa wa 1024×640 na kuitupa iliyobaki. Kwa hiyo ama weka prosesa ya video mbele yake, ama watengeneze picha kwa ukubwa huo kamili. Pia makabati ya mraba hayaleti umbo la 16 kwa 9 kirahisi: ukilitaka kamili kwa makabati haya, unahitaji 16 kwa 9 yaani mita 8 kwa 4.5. Waambie watu wa michoro mapema, la sivyo bibi harusi atakuwa mnene.

Mstari wa data unaweza kurudi: kutoka kabati la mwisho, peleka waya kwenye tundu la akiba la kontrola inayoruhusu hilo. Waya mmoja ukikatika katikati, picha huingia kwa upande wa pili. Kwa shughuli zinazorekodiwa, kodi makabati yanayojichora upya kwa Hz 3840 badala ya 1920, na mpiga picha aweke shata kwenye 1/50 ya sekunde. Mistari myeusi kwenye video nyingi za harusi inatoka hapo.

Umeme na ethi

Meza ya nyuma ikilishwa na soketi ya ukumbi na skrini ikilishwa na jenereta, ethi zao mbili (nyaya za kupeleka umeme ardhini) huweza kutofautiana kwa volti kadhaa, na HDMI ya shaba huwa ndiyo daraja. Dalili ni mkono kuwashwa ukigusa kichwa cha waya, muungurumo kwenye spika, na mwishoni tundu lililoungua. Lisha ncha zote kutoka kwenye ubao mmoja wenye ethi moja. Kama haiwezekani, tumia faiba tupu isiyo na uzi wa shaba ndani. Angalia: nyaya nyingi za faiba zenye vichwa vya HDMI bado zina shaba kwa ajili ya EDID, hivyo hazitenganishi. Kwa skrini ya nje inayokabili radi, faiba tupu pia.

UPS ndogo (betri ya akiba) iwekwe kwa kontrola, visanduku na prosesa. Umeme ukiyumba sekunde mbili, skrini hurudi haraka, lakini mnyororo wa visanduku hupoteza dakika nzima ukisalimiana upya.

Kuwasha, kujaribu na kusoma dalili

Washa kuanzia mwisho: skrini, kisha kisanduku cha kupokea, cha kutuma, splita, na mwisho kabisa chanzo, ili kila kifaa kikute wa mbele yake yupo tayari. Cheza video yenye mwendo na maandishi madogo kwa saa mbili mfululizo. Visanduku vya bei nafuu hufeli vikishapata joto, dakika ya 40, wakati mafundi wameshaondoka.

- Vinukta vinavyometameta kama nyota kwenye sehemu nyeusi: waya uko ukingoni mwa uwezo wake. Fupisha, badilisha, au shusha kutoka 4K kwenda 1080. Vikiisha, ni waya.
- Giza la sekunde moja au mbili kisha picha, tena na tena: salamu inakatika. Angalia kichwa kilicholegea, umeme wa kisanduku, halafu HDCP.
- Picha nzima ya kijani au zambarau: pande mbili hazielewani kuhusu aina ya rangi, au jozi moja ya waya haifiki. Badilisha rangi kwenye kompyuta kuwa RGB. Ikibaki, vika kichwa upya.
- Taa ya LINK inawaka lakini hakuna picha: waya umeunganika, shuku EDID kwanza, kisha HDCP.
- Hitilafu inakuja jenereta au kiyoyozi kinapowaka: waya umelala sambamba na umeme, au ethi.

Tafuta kosa kwa kugawa nusu. Beba laptopu mpaka kwenye skrini na uichomeke kwa waya wa mita moja. Ikionyesha, skrini na laptopu hazina kosa na umebaki na mstari. Leta visanduku viwili mezani na uviunganishe kwa Cat6 ya mita mbili. Vikionyesha, umebaki na waya wa darini, na ule wa akiba uko hapo hapo kando yake.

Sanduku la fundi liwe na HDMI mbili za mita moja zilizojaribiwa, kihifadhi cha EDID, jozi ya visanduku vya akiba pamoja na adapta zake za umeme, kigeuzi cha USB-C, vichwa kumi vya RJ45 na vitano vya BNC vya omu 75, koleo za kuvikia zote mbili, maltimita na velkro. Adapta za umeme ziandikwe volti na jina la kisanduku chake: ya volti 12 inaingia vizuri kabisa kwenye kisanduku cha volti 5, mara moja tu.